Mashine Inalia, Maji Hayaingii

Fundi wa kwanza hakufungua hata skrubu moja. Alitazama herufi mbili zilizokuwa zinawaka kwenye kioo cha mashine yangu ya kufulia nguo, IE, akatikisa kichwa, akasema bodi, yaani ubongo wa umeme wa mashine, imekufa. Bei aliyotaja ya bodi ya mtumba kutoka Kariakoo ilikaribia nusu ya bei ya mashine nyingine, na alitaka kitangulizi siku hiyohiyo. Nikampa nauli, nikamwambia nitamtafuta.

Kilichonizuia ni neno la dada anayenisaidia kazi za nyumbani. Yeye ndiye anayeshinda na hiyo mashine, na alisubiri fundi aondoke ndipo aseme. "Mama, hii mashine mbona usiku inafua? Juzi maji ya bomba yalipotoka usiku niliiwasha, ikafua mpaka ikakamua. Mchana ndiyo inagoma." Bodi iliyokufa haifufuki usiku maji yakitoka. Kuanzia hapo nikaacha kuitazama mashine, nikaanza kufuata maji.

Kwanza hizo herufi. Kwenye mashine za LG, IE maana yake maji hayakufika kiwango kinachotakiwa ndani ya muda uliopangwa. Samsung wao wanaandika 4E, na kwenye mashine zao nyingine 4C, maana ni ileile. Ukiisoma vizuri, mashine haisemi kwamba imeharibika. Inasema imesubiri maji, hayakufika, imechoka kusubiri. Kwa nini hayakufika, hiyo kazi imekuachia wewe.

Nyumba yetu iko Kimara, upande wenye mteremko. Maji ya huku yanatoka mto Ruvu, yanasafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi, yanakuja kwa mabomba makubwa yanayofuata Barabara ya Morogoro. Hayatoki kila saa, na hakuna mtu wa Dar atakayeshangaa nikisema hivyo, ndiyo maana kila nyumba mtaani kwetu ina simtanki. Letu ni la lita 1,000, limekaa juu ya mnara wa tofali wa mita 3 hivi. Fundi bomba aliyejenga laini alifanya jambo moja la akili: aliweka koki mbili. Ya kwanza inaruhusu maji ya bomba yaingie nyumbani moja kwa moja kutoka kwenye mita, ya pili inaleta ya tenki. Maji yakitoka, dada anafungua ya kwanza na kufunga ya pili. Yakikatika anageuza. Kwa hiyo usiku aliousema, mashine ilikuwa inakunywa maji ya bomba. Mchana ilikuwa inakunywa ya tenki.

Kabla sijagusa kitu nilifanya jaribio ambalo dada alikuwa ameshalifanya mara nyingi bila kujua kuwa ni jaribio. Ukiona mashine haiingizi maji, iache kwenye programu, kisha mimina maji kwa jagi taratibu kupitia droo ya sabuni. Yakifika kiwango chake na mashine ikaanza kuzungusha nguo kama kawaida, umejifunza mengi kwa wakati mmoja: mlango umejifunga sawasawa, mota ni nzima, kifaa kinachopima kimo cha maji kinafanya kazi, na bodi inafikiri vizuri tu. Kilichobaki ni njia ya maji, kuanzia kwenye koki hadi kwenye valvu, kile kilango cha maji kilicho mgongoni mwa mashine. Yangu ilizunguka bila tatizo. Wapo wanaoishia hapo, wakafua kwa jagi mwaka mzima. Siwalaumu, ila mashine inaomba maji zaidi ya mara moja, ya kufulia na ya kusuuza tena na tena, na ukisogea kidogo inakuandikia tena herufi zake.

Nikafunga koki, nikachomoa waya ukutani, nikaivuta mashine mbele. Mpira wa kuingizia maji haukuwa umejikunja, na hilo ni la kuangalia kwanza maana mashine ikisukumwa sana ukutani mpira unajibana, maji yanapita kwa shida. Nikaufungua upande wa mashine. Ndani ya mdomo wa valvu kuna kichujio kidogo cha plastiki chenye matundu membamba, kina kijisehemu cha katikati cha kushika kwa plaizi. Kilitoka kikiwa cha kahawia, kimejaa mchanga laini na vipande vya kutu. Mabomba yakikaa makavu kisha maji yakarudi kwa nguvu, yanabeba kila kilicholala humo. Wanaokumbuka mwishoni mwa mwaka 2022, Ruvu ilipopungua na mgao ukabana, wanakumbuka pia rangi ya maji yaliporudi. Tope hilo linaishia kwenye vichujio vya watu.

Nilikisugua kwa mswaki wa zamani, na kwa kuwa kulikuwa na ukoko mweupe kingoni nikakiloweka kwenye siki. Limao nalo linafaa. Usikitoboe kwa sindano ili maji yapite haraka, na usiache kukirudisha, hata fundi akikwambia hakina kazi. Chembe moja ya mchanga ikipita na kukaa chini ya mpira wa valvu, maji hayatazibwa tena vizuri, na hilo ni tatizo kubwa kuliko la kwanza.

Jioni ile maji ya bomba yalitoka, mashine ikajaza haraka kuliko nilivyowahi kuiona. Nikadhani nimemaliza. Kesho yake tukarudi kwenye tenki, na baada ya kusubiri weee, IE.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu ukifungua bomba la jikoni wakati huohuo maji yanatoka vizuri tu, ndoo inajaa bila matata. Unajiambia maji yapo, basi mashine ndiyo mbovu. Lakini bomba la jikoni na valvu ya mashine havifanani. Bomba ukilifungua umeondoa kizuizi kwa mkono wako, hata maji yasiyo na nguvu yatashuka. Valvu ya mashine ina koili ya umeme ambayo kazi yake ni ndogo sana: inavuta kijichuma kinachofungua kitundu chembamba katikati ya kiwambo cha mpira. Kinachokiinua kiwambo chenyewe ni presha ya maji. Maji yakiwa na nguvu, kiwambo kinanyanyuka na njia inafunguka. Maji yakiwa dhaifu, koili inanguruma, kitundu kimefunguka, kiwambo kimelala palepale, na kinachoingia ni kijito cha kuhesabu matone. Ule mlio unaousikia mashine ikiomba maji ni koili inayofanya kazi yake. Usiposikia mlio wowote, hapo ndipo uanze kushuku umeme au koili. Fundi wa pili, kijana mtulivu ambaye nilimwita baadaye kwa sababu nyingine, aliipima koili yangu kwa multimita, kile kifaa cha mafundi cha kupimia umeme, waya zikiwa zimechomolewa, ikasoma karibu ohmu 4,000. Koili nyingi za volti 220 hadi 240 zinasoma kati ya 3,000 na 5,000 hivi. Imekatika ukiona kipimo hakisomi kitu kabisa.

Kitabu cha mashine yangu kinasema inataka presha ya kilopaskali 50 hadi 800. Nilikuwa nimekiweka kabatini tangu siku ya kununua, na namba hiyo ilikuwa imekaa humo muda wote. Hesabu yake haihitaji fundi. Kila mita moja ya kimo cha maji inaleta takriban kilopaskali 10. Mnara wetu ni mita 3. Tenki likijaa, ongeza mita moja na ushee. Mdomo wa valvu uko karibu mita moja kutoka sakafuni, toa hiyo. Unabaki na kama mita 3.3, yaani kilopaskali 33 tenki likiwa limejaa pomoni, na likikaribia kwisha unashuka hadi 20 na kitu. Hapo hujatoa nguvu inayopotea kwenye bomba la nusu inchi linalozunguka nyumba nzima na kona zake. Mashine ilikuwa inadai 50. Tangu tuinunue tulikuwa hatujawahi kuipa 50 isipokuwa usiku maji ya bomba yakitoka, na kabla kichujio hakijaziba ilikuwa inajikongoja tu.

Hesabu hiyohiyo ilijibu swali lingine ambalo sikuwa nimeliunganisha. Mara kwa mara asubuhi tulikuta maji kidogo ndani ya pipa la mashine iliyokuwa imezimwa. Kumbe presha ndiyo inayokikandamiza kiwambo kijifunge. Ikiwa ndogo mno, valvu haifunguki vizuri na pia haizibi vizuri.

Kama mwenye nyumba angekuwa mimi, ningefikiria kunyanyua tenki, lakini ili kupata 50 nilihitaji mnara wa mita 5 na zaidi, na tenki la lita 1,000 lina uzito wa tani moja likijaa. Sitaki tani moja juu ya tofali zilizorundikwa na fundi nisiyemjua, juu ya uwanja ambao watoto wanachezea. Nilimpigia mzee mwenye nyumba, nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka: "Mwanangu, enzi zetu mashine ilikuwa mikono." Ila alikubali tugawane gharama za pampu.

Kuhusu pampu nina maneno mawili. La kwanza, iwekwe baada ya tenki, ivute maji ya tenki. Wapo wanaoifunga moja kwa moja kwenye laini ya mtaa ili wavute kabla ya wenzao. Mbali na ubaya wa jambo lenyewe kwa majirani, pampu inayonyonya bomba lenye nyufa inanyonya na maji machafu yaliyo nje ya hilo bomba, na yote hayo yanakuja kwenye sufuria yako.

La pili lilinichosha zaidi kuliko yote niliyosimulia. Tulifungiwa pampu ndogo ya nusu hospawa, ile inayojiwasha yenyewe. Ukifungua bomba la jikoni, inanguruma, maji yanaruka. Bafuni vilevile. Mashine ikiomba maji, kimya. Pampu imelala, IE imerudi. Fundi wa pampu akaja, akafungua bomba la jikoni, pampu ikawaka, akanitazama kama mtu anayesumbua bure, akaondoka.

Niliugundua mchezo kwa bahati: mashine ilikuwa inaomba maji, dada akafungua bomba ili aoshe kikombe, pampu ikawaka, na papo hapo nikasikia maji yakishuka kwenye droo ya sabuni kwa kishindo. Akafunga bomba, mashine ikaendelea kujaza na pampu ikaendelea kuwaka. Pampu ile ilikuwa ya aina inayohisi mtiririko: haiamki mpaka maji yapite kwa kasi fulani. Valvu ya mashine, kwa presha ya tenki peke yake, ilikuwa inapitisha kijito kisichotosha kuiamsha. Pampu inangoja maji yatembee, valvu inangoja presha, kila mmoja amekaa kama wageni wawili mlangoni wanaoambiana tangulia wewe. Dawa ilikuwa kubadilisha kile kifaa cha kuwashia, tukaweka kinachohisi presha pamoja na kijitenki kidogo cha kutunzia presha. Sasa laini inakaa na nguvu hata pampu ikiwa imezimwa, na valvu ikifungua tu inakutana na maji yanayosukuma. Presha ya pampu ndogo kama hii haifiki ile 800 ya kitabu, kwa hiyo hofu ya kupasua mashine haipo. Ukienda dukani, uliza inajiwasha kwa presha au kwa mtiririko. Ukijibiwa "zote sawa tu, dada," nenda duka la pili.

Umeme ukikatika, pampu na mashine vyote vinalala. Hilo sina dawa yake.

Habari zikafika kwa wifi yangu wa Sinza, na wifi hakukawia. Yake ilikuwa na ugonjwa ulioonekana kuwa uleule: inaingiza maji, inaingiza, inaingiza, mwisho inaandika kwamba hakuna maji. Alikuwa tayari ameshasafisha kichujio, na presha ya gorofani kwao ni nzuri kwa sababu pampu ya jengo inafanya kazi. Tofauti yake na yangu ilikuwa moja: bili ya maji ilikuwa imepanda, na yuniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo hizo lita lazima ziwe zimekwenda mahali.

"Wifi, mpira wa kutolea maji umeuweka wapi?"

"Si bafuni. Nimeuacha tu chini hapo, unamwaga kwenye tundu."

Nilimwambia aiwashe, asogee bafuni, asikilize. Maji yalikuwa yanatoka muda wote mashine ikijaza. Mpira wa kutolea ukilazwa sakafuni, chini ya kimo cha maji ndani ya pipa, maji yanajivuta yenyewe kwa uzito wake, hayahitaji pampu ya mashine. Yanaingia juu, yanatokea chini, kimo hakipandi. Ndiyo maana vitabu vingi vinataka mpira upande hadi kimo cha sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni kabla ya kushuka. Kuna na kosa pacha lake, la kuuzamisha mpira ndani kabisa ya bomba la majitaka na kuziba pembeni kwa gundi au tambara ili harufu isitoke. Hewa ikikosa pa kupita, mvutano ni uleule. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: unyanyue mwisho wa mpira juu kuliko mashine wakati inajaza. Ikijaza ikatulia, umempata mwizi. Wifi alikuwa nacho kile kipande cha plastiki kilichopinda cha kuning'inizia mpira, bado kwenye mfuko wake ndani ya boksi. Akaufunga kwenye ukingo wa sinki kwa kamba. Bili iliyofuata hakunionyesha, ila aliacha kulalamika, na kwa wifi yangu hiyo ni risiti tosha.

Mashine ya shangazi, Kigamboni, ilinichukua Jumapili nzima na pantoni ya kwenda na kurudi. Hiyo ni ya kufungua juu, ya zamani, inakunywa maji ya kisima yenye chumvi. Ilikuwa inaingiza maji kidogo, hata nguo hazijalowa sawasawa, kisha inaanza kufua kwa fujo. Nguo zinatoka na unga wa sabuni. Presha ilikuwepo, kichujio kilikuwa na ukoko lakini kilipitisha.

Ugonjwa wa namna hii uko upande mwingine kabisa: mashine inaamini imejaa. Chini ya pipa kuna kichumba kidogo cha hewa, na kutoka hapo kimrija chembamba cha mpira kinapanda hadi kwenye swichi ya presha. Maji yakipanda ndani ya pipa yanaibana hewa ya kwenye kimrija, hewa inaisukuma swichi, swichi inasema basi. Kikizibwa na utando wa sabuni na chumvi, hewa ya safari iliyopita inabaki imenaswa humo, na swichi inaona kama tayari kuna maji mengi. Kimrija kikipasuka au kikichomoka, mambo yanakuwa kinyume: hewa inavuja, swichi haioni maji, mashine inajaza mpaka inafurika ukumbini.

Tulichomoa umeme, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikakitoa kimrija pande zote mbili. Kwenye mwisho wa chini kulikuwa na donge la kijivu, laini, linanuka. Nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu, nikapuliza kikaisha maji yote, maana hata tone moja likibaki katikati linadanganya kipimo. Kisha nikaitegea swichi sikio na kupuliza pumzi ndogo sana kwenye mdomo wake. Ikatoa mlio, tik. Swichi za zamani zinajibu hivyo. Mashine mpya nyingi zina kifaa cha kielektroniki kisicho na mlio, hizo usipoteze pumzi. Na usipulize swichi kwa nguvu, utaipasua ngozi ya ndani.

Ilipojaza hadi kimo chake, shangazi alifunua kifuniko, akachungulia, akauliza maji yote hayo ya nini. Alikuwa ameshazoea kuisaidia kwa ndoo. Nikamwonyesha kitufe cha kupunguza kimo cha maji, nikamwachia siki ya kusafishia kile kichujio, na nikamwambia kwa maji yale ya kisima akitazame kila mwezi, asisubiri mimi nivuke tena.